Kuku Aliyelala Kwenye Maasi

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya tisa bila Zubeda. Chumba kimoja tu tunapanga hapa Rosettenville, Johannesburg, jiko la kushirikiana na majirani, lakini kimya chake kinatosha jumba la ghorofa tatu. Nimekula mkate mkavu na chai bila sukari. Sukari sijui huwa anaiweka wapi.

Naandika humu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Jirani yangu wa chumba cha pili ni Ishaka, Mzanzibari. Hana kifua yule. Ukimpa siri saa tatu, saa nne iko kwa kinyozi.

Kosa langu ni dogo, tena nililifanya kwa nia njema. Nilipokwenda kumposa Zubeda, kaka yake Nassir aliniuliza nafanya kazi gani. Nassir ni mtu wa benki, Sandton, anavaa suti hata Jumamosi. Nikamwambia mimi mpishi kwenye duka la kuku wa kukaanga. Ningemwambiaje kwamba kazini mimi ndiye kuku? Navaa vazi la manyoya ya njano, kichwa kikubwa chenye kishungi chekundu, nasimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nagawa karatasi za matangazo na kuwachezea madereva. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpishi. Mwaka wa pili, kwa kuwa watu hutarajia maendeleo, nikajipandisha cheo. Mpishi mkuu! Kila Ijumaa nilichukua kuku wa dukani, nikampanga kwenye hotpoti, nikamwambia Zubeda nimempika kwa mikono yangu. Alikuwa akila huku amefumba macho.

Tarehe ishirini na nne mwezi uliopita robot ikawa nyekundu, nikagonga kioo cha gari kwa bawa. Sikuangalia la nani. La Nassir! Zubeda yumo ndani. Miguu ya vazi ilikuwa imechanika, akaona makubazi yangu ya Tanga, aliyoniletea yeye mwenyewe. Jioni alifungasha. Alisema kuvaa ukuku si aibu, kazi ni kazi. Aibu ni kuishi miaka miwili na mwanamume usiyejua ni nani. Maneno makali mno kwa ajili ya kuku.

Leo kapiga simu Mjomba Bakiri, mzee wao, yuko hapo kwa Nassir, Randburg. Katoa hukumu. Jumapili ijayo baada ya adhuhuri watakuja wote watatu. Nipike kuku yule yule, mkali wa pilipili, ganda linalovunjika menoni, kwa mikono yangu. Zubeda kasema hata akiungua atamla. Anataka jambo moja tu la kweli kutoka kwangu. Nikishindwa, niandike talaka, mtoto wa watu asikae akining'inia.

Siku saba. Sina hofu. Nimekaa ndani ya kuku miaka miwili, nitashindwaje kumpika?

Jumatatu, 3 Novemba

Jaribio la kwanza. Nisingependa kulizungumzia.

Basi nitalizungumzia. Ndani ya kabati la Zubeda, nyuma ya mchele, nilikuta kopo lisilo na maandishi. Ndani, unga laini wa kijani, harufu ya majani makavu. Nikasema hivi ndivyo viungo, mwanamke kaficha! Nikauchanganya na maji ya limau, nikamsugua kuku kwa mikono yote miwili karibu nusu saa, nikamwacha akolee huku nasikiliza mpira redioni. Nikamkaanga.

Hina. Ilikuwa hina yake ya Idd.

Kuku katoka rangi ya gari la jeshi. Nimemtupa. Mikono yangu imeiva myekundu mpaka kwenye kifundo, na haitoki kwa sabuni, wala kwa mafuta ya taa, wala kwa mchanga. Ishaka kaingia jikoni, kaiona, kapiga vigelegele. Kaniuliza bwana harusi ni nani. Kasema pia kwamba watu wa Tanga kwa jikoni tusijisumbue, tubaki na machungwa yetu. Nimemwambia atoke. Kasema jiko ni la wote.

Nilikaa kitandani na lile kopo magotini. Mkesha wa Idd Zubeda hujipaka huku mimi namshikia tochi, maana umeme wa hapa huchagua siku. Ananiambia nisitikise mkono. Nimelirudisha kopo nyuma ya mchele. Tupu.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango mpya, huu una akili. Kwa nini nihangaike kubuni wakati siri iko kazini, hatua ishirini kutoka ninaposimama? Tatizo ni moja. Bosi wetu Lambert hataki nikanyage jikoni kwa sababu ya manyoya.

Saa nane kulikuwa na foleni hadi barabarani, Lambert yuko kwenye kaunta. Nikapita mlango wa nyuma. Nilivaa kamili, kichwa na yote, nisijulikane! Hapo sikufikiri vizuri. Kuku wa futi saba kaingia kwenye jiko la kukaangia kuku. Msichana wa viazi alipiga kelele, akaangusha kapu.

Mpishi zamu hiyo ni Pacifique, kijana wa Goma, mtu mwema. Nikamnong'oneza kupitia mdomo wa vazi kwamba ndoa yangu iko mikononi mwake, anipe siri ya kuku. Akaniambia siri gani. Kuku huja wamekatwa tayari, wamelowekwa tayari. Unga huja kwenye gunia lililoandikwa namba tu. Yeye hubonyeza kitufe, kengele ikilia anainua kapu. Miaka mitano hajui mle mna nini. Kwake nyumbani mpishi ni mkewe.

Kwa hiyo dukani kwetu hakuna mpishi! Sio mimi peke yangu niliyekuwa nadanganya. Nilipata faraja kidogo.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Pacifique alipogeuka nikachota unga wa gunia, konzi nne, nikautia ndani ya bawa la kushoto. Nikarudi kwenye robot natembea kwa uangalifu. Saa tisa na nusu mbingu ya Johannesburg ikafanya kawaida yake ya Novemba, radi moja, mvua ya mawe. Lambert alinikataza kuingia dukani nikiwa nimelowa. Unga ukawa donge. Donge likashika manyoya. Ilibidi nivuliwe kwa kisu cha kukatia mikate, Lambert anatazama, watoto wa wateja wanalia.

Nimepewa onyo la maandishi. Limeandikwa kwamba kuku kakutwa na unga.

Jumatano, 5 Novemba

Mafua. Nimempigia Zubeda mara tatu. Hakupokea. Mara ya nne kapokea Nassir, kaniuliza kama mpishi mkuu anaendeleaje. Nikakata. Mvua mchana kutwa. Kitanda chetu kina shimo upande wake, nikilala katikati naviringika humo.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimeshikwa jikoni nikilia. Namwandikia nani uongo humu? Nililia. Na vitunguu havikuwepo.

Aliyenishika ni Mama Clémentine wa chumba cha mbele, msusi, mtu wa Bukavu. Aliniuliza kisa, nikamweleza chote. Hata ukuku. Wala hakucheka. Alisema kumbe tatizo lenyewe ni kuku tu, akavuta kiti, akanifundisha. Nimeandika nyuma ya onyo la Lambert.

Anayoyasema si siri hata kidogo, ndiyo maana nilikuwa na mashaka. Kata vipande, toboa toboa kwa uma. Chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya kusaga kwa mkono usio na woga. Halafu akasema: "Ile kuku uilaze mu maasi, usiku muzima, asubui iko muzuri."

Nilishtuka. Huyu mama Jumapili huimba kanisani hadi sauti inakauka. Maasi? Nikamjibu kwa adabu kwamba dhambi zangu mwenyewe zinanitosha, kuku wa watu nisimtie kwenye uasi. Akafungua friji, akatoa pakiti kubwa ya maziwa mgando. Kumbe! Ndiyo haya ambayo wenyeji huita amasi, na Wakongo wa nyumba yetu wameihamishia katikati ile herufi ya mwanzo. Nimeishi Afrika Kusini miaka sita, nikisikia Ishaka anatumwa dukani kuleta maasi, nikidhani ni utani juu ya tabia yake.

Sasa nami nimezoea. Maasi, maasi. Nimelisema siku nzima.

Yaliyobaki: unga wa ngano na wanga wa mahindi kidogo, pilipili manga, chumvi. Dondoshea unga vijiko viwili vya yale maasi, usugue mpaka upate chengachenga, ndizo zinazovunjika menoni. Gandamiza unga kwenye nyama kama una ugomvi nao. Acha vipande vikae robo saa. Mafuta yasiwe na hasira. Kaanga, toa, pumzisha, kaanga tena. Basi.

Nilimuuliza ujanja uko wapi. Akasema ujanja ni kungoja.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa nilinunua kuku hai kwa mama anayewauza barabarani. Mmoja, jike, mnene. Nimemchinja mwenyewe kwa bismillahi, nimemnyonyoa mwenyewe, nimemkata vipande kumi mwenyewe. Kidole kimoja nusura kiwe kipande cha kumi na moja. Nimemlaza kwenye maasi, nimefunika bakuli, nimeliweka kwenye friji nyuma kabisa, na karatasi: SI YA ISHAKA.

Usiku huu mara ya kwanza nina matumaini. Hayakai vizuri, sijayazoea.

Jumamosi, 8 Novemba

Nusura nife leo.

Asubuhi nilifungua friji nikambonyeza kuku. Laini! Furaha ikanipanda, nikashindwa kunyamaza. Nikamrekodia Nassir ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza tena mara nyingi, nauandika neno kwa neno, Mungu ni shahidi sikuwa na nia mbaya:

"Shemeji, asalaam aleikum. Mwambie Zubeda asiwe na wasiwasi, nimeshampata. Jana, palepale barabarani, katika wote nilimchagua mwenyewe, mnene, mapaja yamejaa. Nikaja naye nyumbani. Nimemlaza kwenye maasi usiku kucha, na mpaka sasa bado yumo. Amelainika kabisa. Kesho mkija mtamwona."

Nikaenda kukoga, naimba.

Haikupita saa moja, mlango ukapigwa teke. Nassir, bila suti! Nyuma yake Mjomba Bakiri na bakora. Nassir ananiuliza yuko wapi. Nikadhani kapata hamu ya kuonja. Nikamwambia atulie, yumo kwenye friji.

Mjomba Bakiri aliketi chini sakafuni. Palepale. Mkono kifuani, anaita Mtume. Nassir uso umekuwa majivu, anarudi nyuma, anatafuta simu. Ndipo akaiona mikono yangu. Bado myekundu hadi kwenye kifundo! Kelele zikamtoka mtu wa benki.

Aliyeniokoa ni Mama Clémentine. Alikuja na rola za nywele mkononi, akafungua friji, akaweka bakuli mezani, akafunua. Akawaonyesha pakiti. Akawasomea. Wale wawili wakamtazama kuku, wakanitazama mimi, wakamtazama kuku. Mjomba Bakiri akaanza kucheka. Alicheka hadi akaomba maji, akacheka na maji yakamwagika. Nassir hakucheka. Alisema mtu mzima anapaswa kutaja kuku mapema zaidi katika mazungumzo.

Na kosa ni la nani? La Kiswahili changu safi! Mama Clémentine angesema nimeilaza, nimeileta, ndivyo Wakongo wanavyosema, hakuna ambaye angevunja mlango. Mimi wa Tanga nikampa kuku heshima yake ya kiumbe, nimemlaza, nimemchagua. Sarufi nusura iniue.

Lakini sikiliza. Mjomba alimpigia Zubeda simu, akamweleza. Kisha nikamsikia kwenye spika. Anacheka! Kile kicheko chake cha kwikwi, sijakisikia wiki mbili. Akaomba anisemeshe. Akasema kumbe kweli unapika. Kasema nisiogope akiungua. Kasema kesho atakuja na begi lake.

Nilikwenda kulitandika upya shuka upande wake.

Jumapili, 9 Novemba

Niliamka alfajiri, sikurudi kulala. Nilifuata kila kitu. Chengachenga. Kugandamiza. Robo saa. Nilichovya kijiti kwenye mafuta, povu likazunguka, nikatia vipande vitatu vitatu. Nikatoa, nikapumzisha, nikarudisha. Saa tano nilikuwa na sahani kubwa ya kuku wangu. Harufu ikajaa nyumba nzima, hadi ndani ya nguo zangu.

Kisha nikamtazama.

Alikuwa mweusi zaidi kuliko wa dukani. Bawa moja limeungua ncha. Ganda hapa nene, pale jembamba. Paja moja limepinda, sijui kwa nini. Nilikumbuka wale wa dukani, wote rangi moja ya dhahabu, wote ndugu. Ishaka akapita, akachungulia, akasema kuku huyu kagongwa na lori kwenye barabara kuu. Akaondoka zake. Saa ilikuwa tano na nusu.

Hapo akili yangu ikaanza kufanya kazi. Laiti isingefanya!

Nilikimbia hadi dukani. Pacifique akanipakia vipande kumi vya miguu, mimi nilimwambia achague vizuri tupu, vya kufanana. Vipande kumi, kwa sababu kuku wangu nilimkata vipande kumi. Mtu makini! Nikarudi, nikavipanga kwenye hotpoti, nikapasha mafuta kikaangoni ili kuwe na ushahidi wa harufu. Kuku wangu nikampa Ishaka anitolee nje asionekane. Sikuonja hata chenga.

Saa saba na robo wakafika. Zubeda kaingia wa mwisho, anavuta begi lake la bluu, akaliegemeza ukutani ndani ya mlango. Ndani! Kaketi mahali pake. Akaitazama mikono yangu yenye hina, akauma mdomo asicheke. Nikafunua hotpoti.

Mjomba Bakiri alisema mashallah. Alikula mguu mmoja, wa pili, wa tatu, akaipanga mifupa pembeni ya sahani. Nassir miwili, naye hana la kusema, anajifuta vidole. Zubeda alimega kidogo. Akasimamisha kutafuna. Akaendelea, taratibu.

Mjomba akaniuliza, bila ubaya, mabawa yako wapi. Nikasema yalikuwa madogo. Akauliza kidari. Nikasema kimesinyaa. Akaanza kuhesabu kwa kidole, mifupa na vilivyobaki. Kisha akaniuliza kama yule kuku mmoja, yule niliyemlaza, alikuwa na miguu kumi.

Nikasema kuku wa huku.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nassir akaweka leso mezani. Alisema yeye ni mtu wa mahesabu tu, lakini kuku anamjua.

Zubeda akainua mkono wanyamaze. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, ile ya chumbani. Kasema nimwambie tu, nimenunua? Nikisema nimenunua, hatanikasirikia. Alinitazama machoni, na wallahi nilijua hapo ndipo pa kutokea. Mlango uko wazi, ninauona. Nikaapa. Nikasema kila kipande ni kazi ya mikono yangu, nikaiinua juu, myekundu.

Hapo akaingia Ishaka. Ana sahani, mdomo unang'aa mafuta, Mama Clémentine nyuma yake. Kasema anafuta yale maneno ya lori. Kasema tangu aje Johannesburg hajala kuku wa namna ile, pilipili inapanda polepole halafu haikuachii, ganda linalia mpaka masikioni. Aliniuliza kama kuna kipande chochote kimebaki cha yule niliyekaanga asubuhi.

Zubeda akasimama, akaitazama ile sahani. Mifupa mitupu. Ila Mama Clémentine alikuwa ameshika bawa, lile la kuungua ncha, kalila nusu. Zubeda akaliomba. Akalila hapo hapo, kasimama. Akafumba macho.

Alipofumbua yalikuwa na machozi. Kasema hiki ndicho alichokijia. Kasema, kwa nini, Mselem. Nikasema lilikuwa limeungua.

Alivuta begi lake. Gurudumu moja lina kelele. Nililisikia hadi kwenye gari. Mjomba Bakiri ananipa mpaka mwisho wa mwezi niandike talaka.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikwenda kazini. Nimelala kwenye shimo la upande wake mpaka adhuhuri. Mama Clémentine kaniletea uji, kauweka mlangoni, kasema kitu kwa Kifaransa, kilisikika kama pole. Ishaka hajanitania leo. Hilo limenitisha kuliko yote.

Nimefikiri sana. Mtu lazima ajichunguze, aone alipokosea. Nimepaona. Sikupaswa kununua miguu mitupu. Ningechanganya mabawa mawili, vidari, mgongo mmoja, nani angejua?

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya kwanza njema tangu aondoke. Nimemshinda Zubeda!

Nilikuwa kwenye robot, jua kali, vazi limeshonwa bawa, miguu mipya. Gari la Nassir likasimama mbele yangu. Zubeda akashusha kioo. Nassir anatazama mbele, kama hayupo.

Akaniita kwa jina. Kasema anajua ni mimi. Kasema amechoka na wazee na hukumu, hajalala siku tatu, lile bawa bado liko ulimini. Kama nitamkaangia mwingine wa vile, yeye na mimi tu, aungue asiungue, atakuja Ijumaa mwenyewe na begi. Nimwambie tu ndiyo. Alikuwa kaweka mkono kwenye kioo, hina ya zamani imebaki kwenye kucha.

Lakini mimi si mjinga. Mbele ya Nassir nikiri kwamba bado niko ndani ya kuku? Nilikaza sauti, nzito, nikamjibu kwa Kizulu kwamba simjui, mama amekosea mtu. Nikampa karatasi ya matangazo. Nikamchezea kidogo.

Alikaa akinitazama. Robot ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi. Akapandisha kioo, wakaenda.

Hakunitambua kabisa! Ijumaa nitampigia simu, nimwambie nimepewa upishi mkuu Sandton.